Mkanda wa Gari la Darwesh

Nuhu aliondoka garajini kwake jua likiwa limeshagusa milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mkononi alishika mfuko wa spana, na ndani ya shati, kifuani, alikuwa amebana mkanda mpya wa injini ambao bado ulikuwa ndani ya boksi lake. Aliyekutana naye njiani angedhani ni fundi anayekwenda kumalizia kazi ya mtu kabla giza halijaingia. Na ndivyo ilivyokuwa, ila kazi yenyewe alipaswa kuwa ameifanya miezi minne nyuma.

Tusimung'unye maneno. Nuhu alikuwa anakwenda kuficha kosa lake, na kosa hilo lilikuwa limeua.

Ndani ya injini ya gari la aina ile kuna mkanda wa mpira wenye meno. Mafundi wa Rumonge huuita kurua. Ndio unaoifunga sehemu ya chini ya injini na ya juu ziende pamoja, pistoni zikipanda, valvu zipishe. Ukikatika, hakuna wa kumpisha mwenzake. Pistoni zinazigonga valvu, zinazipinda, na injini inanyamaza papo hapo.

Miezi minne nyuma, Darwesh alimletea gari lake jeupe pamoja na mkanda mpya aliouagiza Bujumbura. Wawili hao walikuwa marafiki tangu ndevu zao zikiwa za kuhesabika. Binti wa Darwesh, Fahima, alikuwa na mimba yake ya kwanza na amerudi kwa baba yake kujifungulia huko, kama desturi ilivyo, na mumewe alikuwa Uvira kwenye biashara. Darwesh alitaka gari liwe tayari kwa siku hiyo. Nuhu alifungua kifuniko, akautazama mkanda wa zamani, akasoma kilomita. Zilikuwa chache mno. Gari lilikuwa limelala karibu mwaka mzima kwa kukosa petroli, kama magari ya watu wote. Alikuwa anauwaza mkanda huo pale kelele ziliposikika barabarani kwamba mafuta yamefika kituoni, na gari lake mwenyewe lilikuwa kwenye foleni siku ya tatu. Kubadilisha mkanda ni kazi ya nusu siku. Nuhu alirudisha kifuniko, akazikaza bolti, akakimbilia foleni.

Sasa, huku kwetu mwenye gari hatoki garajini mikono mitupu. Fundi akibadilisha kipuri, humkabidhi mwenye gari kile cha zamani, akishike, akigeuze, aamini kwamba kipya kimefungwa kweli. Bila hicho, hakuna anayekuamini, hata uwe umesoma Ulaya. Nuhu alitungua mkanda mchakavu uliokuwa umening'inia ukutani, uliotoka kwenye gari jingine la aina hiyo hiyo, akampa rafiki yake. Darwesh aliusugua kwa kidole, akashukuru kwa Kirundi, murakoze. Nuhu alijiambia kwamba ataufunga ule mpya wiki ijayo, na nyinyi mnazijua hizo wiki zijazo.

Alichosahau, na fundi wa miaka thelathini hakupaswa kukisahau, ni kwamba mpira hauzeeki kwa kilomita peke yake. Gari likisimama juani mwaka mzima, mkanda unakauka ndani kwa ndani hata kama haujatembea hatua moja.

Siku ya Fahima ilipofika, mambo yalienda mrama, wakaambiwa wampeleke Bujumbura haraka. Ambulansi haikuwa na tone la mafuta. Darwesh alikuwa nayo, dumu moja la lita kumi alilolificha chini ya kitanda kwa ajili ya siku hiyo tu. Walipokuwa wanampakia, Mama Mwanvua aliweka mguu mlangoni, akasita. Huyu ni bibi aliyekula chumvi nyingi, aliyemlea Fahima tangu mama yake alipofariki. Alitega sikio, akasema, "Darwesh, hii gari inalia. Tutafute ingine."

Ingine haikuwepo. Walipopita Minago, kwenye mlima, injini ilinyamaza. Walikaa barabarani kwa muda wa saa tatu bila gari hata moja kupita. Fahima alikata roho kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mwanvua, na mtoto akiwa bado tumboni.

Baada ya mazishi watu wakaanza kuulizana. Bibi alijuaje? Nani alimwambia kwamba gari halitafika? Mkanda si ulikuwa mpya? Kila mtu alitia chumvi yake, mpaka ikawa Mwanvua alionekana akizunguka gari alfajiri, akilisemesha. Nuhu peke yake ndiye aliyejua bibi alisikia nini. Kuna rola inayoukaza mkanda, na ikianza kufa hutoa mlio mwembamba ambao sikio zuri linaukamata. Mwanvua alikuwa na sikio zuri, basi. Lilikuwa neno la kusemwa kwa pumzi moja, na Nuhu alikaa nalo siku kumi na moja.

Sasa Darwesh, kwa uchungu wake, aliomba gari lifunguliwe kesho asubuhi mbele ya watu. Wakikuta chuma kimevunjika chenyewe, Mwanvua atabaki kwake. Wakikuta kila kitu kizima, itakuwa ameliroga, atahama Rumonge, na vijana walishasema kwamba akichelewa kuondoka kwa miguu yake watamwondoa wao. Nuhu ndiye fundi atakayefungua. Ndiyo maana alikuwa njiani magharibi ile na mkanda mpya kifuani.

Gari lilikuwa limevutwa hadi kwenye uwanja wa mashine ya mawese ya Darwesh. Mashine ilikuwa imezimwa, mapipa yamefunikwa kwa magunia. Gari lilikuwa kwenye kona, karibu na ukuta, vioo vimejaa vumbi. Njia nzima Nuhu alikuwa ameapa kwamba hatakitazama kiti cha nyuma.

Alifungua boneti. Akatoa bolti za kifuniko moja moja, akizipanga juu ya kitambaa. Mkanda ulikuwa pale, umekatika, meno yamenyofoka. Aliuchomoa, akausokomeza mfukoni, na mkono wake ukabaki mfukoni humo kwa muda.

Ili kufunga mkanda mpya, kwanza unaizungusha injini kwa mkono mpaka alama za juu na za chini zilingane. Alitia spana, akavuta.

Injini ilivuta pumzi.

Nuhu aliiacha spana. Akasikiliza... Kimya. Kuku mmoja alikuwa anakwaruza nyuma ya mapipa. Alijua sababu, tena aliisema kwa sauti ili ajisikie: valvu zimepinda, hazifungi, kwa hiyo hewa inatoka. Ni hewa tu. Alijikaza kisabuni, akavuta tena.

Hhhhh...

Akavuta.

Hhhhh... hhhhh...

Zilikuwa pumzi fupi fupi, za haraka. Watoto wanne wa Nuhu walizaliwa nyumbani kwake, yeye akiwa nje ya pazia. Alijua nani huhema hivyo. Ndivyo anavyohema mwanamke aliyeambiwa asisukume bado.

Kisha ikaja harufu. Mtu atasema uwanja wa mawese lazima unuke mafuta, lakini hayakuwa mawese. Yalikuwa mise, yale mafuta ya kokwa wanayomkandia mjamzito tumbo na mtoto akizaliwa wanampaka. Ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya damu iliyolala.

Sauti ikatoka ndani ya gari.

"Bado?"

Nywele zilimsimama Nuhu. Aliinama polepole, akachungulia kwenye pengo lililo chini ya boneti, na kile kiti alichoapa kutokitazama akakitazama. Mtu alikuwa ameketi nyuma, amejifunika kitenge hadi usoni, mikono imekunjwa kifuani. Alikuwa anajitikisa taratibu, mbele na nyuma.

Nuhu alishusha pumzi. Alikuwa Mama Mwanvua. Watu walisema kwamba bibi huyo huja jioni kukisugua kile kiti kwa sabuni, na kwamba doa halitoki.

"Bado, mama," alinong'ona. "Niko karibu kumaliza."

Alirudi kwenye kazi yake, na aibu ikampanda. Kesho bibi huyu angefukuzwa kwa sababu ya mkanda huu, na leo ameketi pale pale akisubiri ufungwe. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye grisi. Lakini hakuacha kazi. Hilo nalo lisemwe. Alizilinganisha alama, akauvalisha mkanda mpya kwenye magurudumu yake, akaikaza rola. Adhana ya magharibi ilisikika kutoka msikitini, ikaisha. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana.

"Bado?"

Safari hii sauti ilikuwa karibu zaidi.

"Imekwisha, mama."

Kioo cha nyuma kilikuwa kimeshushwa. Hakukumbuka kukiona kikishuka. Mkono ulitoka dirishani, kiganja juu.

"Ile ya zamani."

Nuhu alisimama na kifuniko mkononi.

"Mwenye gari anapewaka ile ya zamani," sauti ilinong'ona. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu.

Angeweza kukataa. Angeweza kusema hakuna ya zamani. Lakini alikuwa amewakabidhi watu vipuri vyao kwa miaka thelathini, na zaidi ya hapo kulikuwa na kitu ndani yake kilichotaka mkanda ule uchukuliwe. Aliwaza kwamba bibi atauonyesha kesho mbele ya watu, na jambo litakwisha bila yeye kufungua kinywa. Aliutoa mfukoni, akauweka kwenye kiganja. Vidole vilivyougusa mkono wake vilikuwa vya moto, vimelowa mafuta.

"Murakoze, baba mudogo."

Mkono ukarudi ndani. Nuhu alifunga kifuniko, akashusha boneti, akakusanya spana zake. Alikuwa ameshafika langoni maneno yale yalipomfikia.

Mwanvua alimbeba Nuhu mgongoni enzi za utoto wake. Tangu hapo humwita mwanangu, na hajawahi kumwita jina jingine. Duniani alikuwepo mmoja tu aliyemwita baba mudogo, tangu alipokuwa mtoto anayekuja garajini kuomba nati mbovu za kuchezea.

Aligeuka.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa kitupu.

Nyumbani alimkuta mkewe, Mariyamu, amepakua chakula. Nuhu alimuuliza kama Mwanvua ameonekana mitaani jioni ile. Mariyamu alishangaa. Kwani hajasikia? Tangu adhuhuri vijana walikuwa wanairushia mawe nyumba ya bibi, mpaka Venanti, shefu wa katiye, yaani mkuu wa mtaa, akamchukua na kumfungia kwenye stoo yake ili wasimdhuru. Kufuli kubwa, na ufunguo uko mfukoni mwa Venanti. Mariyamu mwenyewe alipeleka uji magharibi, akampitishia kwenye nondo za dirisha, na bibi alikuwa humo akiswali.

Nuhu hakula. Alinawa mkono wa kulia kwa sabuni mara nyingi, na harufu ya mise haikutoka. Kulipopambazuka alikuwa ameshaamua kwamba atasema yote, liwalo na liwe.

Asubuhi uwanja ulijaa. Venanti alimleta Mwanvua, akamketisha juu ya debe la mafuta lililopinduliwa. Darwesh alisimama peke yake, amekonda ndani ya siku chache. Palikuwa pia na fundi mwingine, Asmani, aliyeitwa kutoka Nyanza-Lac ili asionekane mtu amependelewa. Nuhu hakugusa spana. Alisimama mbele ya watu, akasema bibi huyu hana kosa. Akasema mkanda mpya hakuufunga ile siku, kwamba aliokabidhi ni wa ukutani, kwamba ule mkavu ulibaki ndani ya injini mpaka ukakatika Minago. Akasema mlio ambao Mwanvua aliusikia ulikuwa mlio wa rola.

Alipomaliza, Darwesh alimwomba Asmani afungue.

Kifuniko kikatoka. Mkanda ulikuwa mpya, maandishi yake yanang'aa, alama zimelingana. Watu wa mbele walisogea kutazama, wakarudi nyuma.

"Niliufunga jana magharibi," Nuhu alisema. "Jana. Nilitaka kuficha."

Asmani hakubishana naye. Aliendelea kufungua, na ilipofika adhuhuri sehemu ya juu ya injini ilikuwa juu ya gunia, na valvu zote zimepinda. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akawaambia watu kile ambacho fundi yeyote mkweli angekisema: valvu hupinda namna hii mkanda ukikatika, na mkanda huu haujakatika. Labda kama maneno ya mwenzake ni kweli. Na kama ni kweli, uko wapi ule uliokatika?

Macho yote yalimgeukia Nuhu. Darwesh alimsogelea. Alikuwa anataka kumwamini, ilionekana usoni.

"Iko wapi, Nuhu? Tuonyeshe ile kurua. Neno lote liishie hapa."

Nuhu angeweza kudanganya. Angeweza kusema aliitupa ziwani. Lakini alikuwa amejiapiza kwamba siku hiyo hatasema uongo hata mmoja.

"Niliitoa," alisema. "Mwanamuke alikuwa amekaa nyuma, mu gari. Aliniomba, nikamupa. Niliwaza ni Mama Mwanvua."

Mapipa yalisikika yakilia kwa joto. Venanti alitoa ufunguo mfukoni, akautazama kana kwamba hajawahi kuuona.

"Jana magharibi," alisema taratibu, "huyu muzee alikuwa mu stoo yangu. Kufuli nilifunga miye."

Nuhu alielewa alichokifanya, lakini neno likishatoka halirudishwi kinywani. Alipiga kelele kwamba hakuwa bibi. Kwamba alimfananisha. Kwamba alikuwa Fahima, alimwita baba mudogo, hakuna mwingine anayemwita hivyo. Kadiri alivyosema ndivyo watu walivyomwonea huruma. Wanawake walianza kulia. Mtu alisema nyuma, kwa sauti ya chini, kwamba bibi ametoka kwenye kufuli na sauti ya marehemu ameichukua, kisha amemvika fundi wa watu kosa lisilo lake. Mwingine akasema mnaona mkanda mzima na valvu zilizopinda, mnataka nini tena?

Darwesh alimkumbatia. Alimwambia asijitese, hana kosa, yeye Darwesh aliushika mkanda wa zamani kwa mikono yake. Nuhu alijaribu kujitoa na hakuweza, maana Darwesh alikuwa analia begani kwake kama mtoto.

Venanti hakutaka damu imwagike. Alitafuta pikapu iliyokuwa inashuka Kabonga, ambako Mwanvua alikuwa na mtoto wa dada yake, akawazuia vijana mpaka bibi alipofungasha. Vitu vyake vyote viliingia kwenye gunia moja. Nuhu alimfuata hadi barabarani. Alitaka kupiga magoti, akamshika bibi pindo la kitenge, akashindwa kuanza.

Mwanvua hakumlaumu. Aliangalia kama kuna mtu karibu, kisha akamwinamia sikioni.

"Mwanangu. Ulimuona kweli?"

"Nilimuona, mama."

"Alikuwa amepakata?"

Nuhu alifikiri. Aliirudia ile mikono iliyokunjwa kifuani, ule mwendo wa mbele na nyuma, taratibu, wa mtu anayebembeleza. Jambo hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mkewe.

"Alikuwa amepakata," alisema.

Bibi alifumba macho. Machozi yalipenya yakashuka.

"Basi alizaa," alisema. "Basi mutoto wangu alizaa."

Walimsaidia kupanda, akaketi juu ya gunia lake, na pikapu ikashika njia ya kusini. Nuhu alibaki barabarani mpaka Darwesh alipokuja kumshika mkono, taratibu, kama mtu anavyomshika mgonjwa, akamwambia sheikh amefika na anamsubiri amsomee dua. Watu walikuwa wamesimama milangoni wakimtazama kwa huruma. Nuhu alimfuata Darwesh.